Imani Ikibaki Uzi Mmoja: Jinsi ya Kumshika Mungu Wakati wa Shida

Kila baada ya wiki chache mtu hunivuta kando ibada ikiisha na kuniuliza swali lile lile kwa sura mpya. Mmoja amefiwa. Mwingine ameachishwa kazi. Wa tatu ana ugonjwa uliokataa dawa. "Nitaendeleaje kuamini? Nikitaka kuomba, mdomo haufunguki." Nimekuwa nikijibu nikiwa nimesimama mlangoni, watu wakipita, na nikifika nyumbani nakumbuka kwamba nusu ya niliyotaka kusema sikuisema. Ndiyo maana nimeandika.

Nikuonye mapema: hapa hutapata jibu la kwa nini Mungu ameruhusu lililokupata. Ayubu aliuliza hilo sura baada ya sura, na kuanzia sura ya 38 Mungu alipomjibu, alimjibu kwa maswali. Mwongozo huu una kazi ndogo zaidi. Unahusu utakachofanya leo, kesho na keshokutwa ili usiachane naye. Na nikisema imani, sizungumzii amani ya moyoni. Amani huja na kuondoka. Nazungumzia kuendelea kumgeukia, hata kama siku hiyo unachomletea ni lawama tupu.

Kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi:

- Biblia. Ya karatasi ni bora, maana simu hukufikisha kwenye ujumbe kumi kabla hujafika kwenye Zaburi. Kama unayo ya simu tu, itumie, ila zima data kwanza.
- Daftari dogo na kalamu. Liwe daftari ambalo hakuna mtu mwingine atakayelifungua, kwa sababu utaandika humo mambo ambayo huwezi kuyasema kwenye kipindi cha ushuhuda.
- Dakika 10 za wakati ule ule kila siku. Usijiwekee saa nzima. Utaiweza siku mbili, ya tatu utashindwa, kisha utajihesabu kuwa umerudi nyuma.
- Mtu mmoja unayemwamini. Tutamfikia kwenye hatua ya 6.

Huhitaji kujisikia karibu na Mungu, wala maneno mazuri, wala kuwa umeshaelewa sababu. Ukivisubiri hivyo hutaanza.

Kuna jambo moja la kupima kwanza. Kama unawaza kujiua au kujidhuru, usianze na hatua ya 1. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, kwa maneno ya wazi, na mwende pamoja hospitali. Vivyo hivyo kama kuna mtu anayekupiga nyumbani, tafuta kwanza mahali salama. Mfalme Sauli alipomtupia Daudi mkuki, Daudi alikwepa na kukimbia usiku ule ule, na hakuna mstari unaomlaumu kwamba alikosa uvumilivu. Mwongozo utakungoja.

Hatua ya 1: Ita shida kwa jina lake

Fungua daftari, andika mistari mitatu tu. Wa kwanza: kilichotokea. Wa pili: ninachoogopa. Wa tatu: ninachojiambia kuhusu Mungu.

Kwa mfano: "Nimeachishwa kazi. Naogopa watoto watakosa masomo. Najiambia Mungu amenisahau."

Sasa usome tena. Mstari wa kwanza ni tukio. Wa pili ni hofu, na huenda ikawa na msingi. Wa tatu ni hukumu uliyoitoa wewe, usiku, ukiwa umechoka. Watu wengi huibeba mitatu ikiwa imefungwa fundo moja, kiasi kwamba kukubali kuwa kazi imekwenda kunaonekana ni sawa na kukubali kuwa Mungu amekwenda. Hatua hii inafungua fundo tu. Usianze kubishana na mstari wa tatu. Uache hapo, tutaupeleka mahali pake.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kwa lugha ya kanisani: "Napitia msimu." Msimu gani? Kama ni saratani, andika saratani. Kama mume ameondoka, andika kwamba ameondoka. Naomi alirudi Bethlehemu baada ya kumzika mume na wana wawili, na wanawake walipomsalimu kwa jina lake alikataa, akasema wamwite Mara, yaani uchungu. Alikuwa bado anamtaja Mungu huku akisema hivyo.

Hatua ya 2: Kula, ulale

Hii hurukwa na karibu kila mtu, kwa sababu haionekani ya kiroho. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi dhidi ya manabii wa Baali kule mlima Karmeli, malkia Yezebeli ametishia kumwua, naye amelala chini ya mti wa mretemu jangwani akiomba afe. Malaika anakuja. Hamkemei, wala hamhubirii. Anamgusa, anamwonyesha mkate na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula. Mazungumzo na Mungu pale mlima Horebu, ile sauti ndogo tulivu, yalikuja baadaye, baada ya milo miwili na usingizi.

Kwa hiyo leo kula kitu, hata kama hakina ladha. Oga. Jaribu kulala saa ile ile. Mambo mengi yanayoitwa kupoa kiroho hupungua nusu baada ya usiku tatu za usingizi wa kutosha. Sisemi yanaisha.

Onyo: watu wakibanwa hukimbilia kufunga kwa siku nyingi. Kama huzuni tayari imekunyima chakula, au uko kwenye dawa, usifunge sasa. Eliya alitembea siku 40 bila chakula, ndiyo, lakini alilishwa mara mbili kabla ya kuanza kutembea.

Hatua ya 3: Mlalamikie Mungu, mbele yake

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mwamini halalamiki. Basi mtu akiumia anafanya moja kati ya mawili: anaomba maombi ya uongo ("Asante Bwana kwa yote") huku ndani anachemka, au anaacha kuomba kabisa ili asiseme neno baya. Yote mawili yanamtenga na Mungu, na hilo la kwanza ni baya zaidi kwa sababu kwa nje linaonekana zuri.

Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na nyingi sana kati ya hizo ni malalamiko. Hazikuandikwa na wapagani. Ziliimbwa katika ibada. Chukua Zaburi 13, yenye mistari 6 tu, uitumie kama kiolezo:

- Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Neno "hata lini" limerudiwa mara 4.
- Mistari ya 3 na 4 ni ombi: angalia, unijibu, uyatie nuru macho yangu.
- Mistari ya 5 na 6 ni tumaini: nami nimezitumainia fadhili zako.

Sasa andika ya kwako kwa mpangilio huo. Mwite kwa jina unalomwitia siku zote. Kisha mwambie kilichotokea, na hapa ndipo ule mstari wa tatu wa hatua ya 1 unapata mahali pake: usimwambie jirani kwamba Mungu amekusahau, mwambie Mungu mwenyewe. Kisha omba kitu mahususi. Mwisho, andika sentensi moja ya kumtumainia, yoyote unayoweza kuisaini leo bila kudanganya.

Yangu ya wakati fulani mbaya ilikuwa hivi: "Baba, nimekuita wiki tatu na umenyamaza. Nimechoka kuwaambia watu kwamba niko sawa. Nipe usingizi usiku huu. Sijui unafanya nini, lakini sina mwingine wa kumwendea." Ile sentensi ya mwisho ndiyo tumaini langu lote lilivyokuwa siku hiyo. Ilitosha kufika kesho.

Je, kama sentensi ya tumaini haiji? Acha bila hiyo. Zaburi 88 ina mistari 18 na inamalizika gizani kabisa. Haina zamu ya kurudi kwenye sifa. Hata hivyo imo ndani ya Biblia, na mwandishi wake bado anaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wake.

Mtu ataniuliza: si Waisraeli waliadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Waliadhibiwa, na tofauti ni ya kuangalia. Wao walimsema Mungu wakiwa hemani kwao na kupanga kurudi Misri. Mtunga zaburi anamgeukia na kumwambia usoni. Mwana anayegombana na babake mezani bado yuko nyumbani. Na Yesu mwenyewe akiwa msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anauliza kwa nini ameachwa, na bado anasema *Mungu wangu*.

Kosa la kuepuka: kuharakisha kufika kwenye shukrani. Ukiruka mistari ya 1 na 2, ya 5 na 6 itakuwa maneno matupu.

Hatua ya 4: Punguza maombi yatoshe nguvu zako

Petro alipoanza kuzama ziwani hakuomba kwa utaratibu. Alisema, "Bwana, niokoe." Maneno mawili, na mkono ukanyoshwa.

Chagua sala moja fupi ya wiki hii. Usiibadilishe kila siku. Hizi zimewafaa wengi:

- "Bwana, nirehemu."
- "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Aliyeisema, katika Marko 9, ni baba mwenye mtoto mgonjwa. Hakukana shaka yake, na mtoto akaponywa siku ile ile.
- "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Ni ya Zaburi 31, na Yesu aliiomba akikata roho. Inafaa wakati wa kulala.

Iseme ukiamka, kabla ya chakula, na ukizima taa. Unaweza pia kusali Sala ya Bwana polepole, ukikaa kwenye "Utupe leo riziki yetu." Leo. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa ya siku moja. Walioiweka akiba bila kuagizwa waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka. Nguvu za mwezi ujao hutazikuta leo, hata ukizitafuta kwa machozi, na kuzikosa hakumaanishi kwamba umeachwa.

Siku ambayo hata sala hiyo fupi haitoki, kaa kimya dakika zako 10. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua unaweza.

Hatua ya 5: Soma kidogo, usome kinachofuatana

Huu si wakati wa kuanza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Wala usianze na Zaburi 119, ina mistari 176. Kwa wiki ya kwanza soma moja kwa siku: 13, 42, 130, 77, 121, 131, 23. Nyingi kati yake humalizika kwa dakika mbili. Zisome kwa sauti. Wiki ya pili zirudie zile zile. Kurudia kunafanya kazi kuliko kutafuta mstari mpya wa kukushtua.

Ukimaliza wiki mbili, chukua Injili ya Marko. Ni fupi na ina mwendo. Soma kipande kimoja tu kwa siku, na ujiulize Yesu anamfanyia nini mtu aliye mbele yake.

Onyo kuhusu mistari ya kutumiana. Mstari ukikatwa kutoka mahali pake unaweza kukuumiza. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," Yeremia 29:11, hutumwa kwa kila mwenye shida kana kwamba mambo yatanyooka mwisho wa mwezi. Mstari wa 10, ulio juu yake, unataja miaka 70. Ilikuwa barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na wengi waliousikia wangefia huko. Ahadi ni ya kweli, ila haina haraka tunayoipa. Vivyo hivyo ile "huruma za BWANA... ni mpya kila siku asubuhi" iko katika Maombolezo 3, na mstari wa 10 wa sura hiyo hiyo unamfananisha Mungu na dubu anayevizia. Mtu aliyeandika maneno ya faraja alikuwa ameandika na hayo mengine kwanza.

Hatua ya 6: Mtafute mtu mmoja

Usitangaze kwa wote. Yesu alipoingia Gethsemane alikuwa na wanafunzi 11, akawachukua watatu zaidi ndani, akawaambia waziwazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Nao wakalala. Nalitaja hilo ili usishangae: mtu utakayemchagua huenda akakuangusha mara ya kwanza. Jaribu tena, au jaribu mwingine.

Mwombe kitu kinachoeleweka. "Niombee" peke yake hupotea hewani. Andika hivi: "Niko kwenye kipindi kigumu. Kwa sasa sihitaji ushauri. Naomba uniombee kila siku kwa wiki mbili, na Jumapili jioni unipigie." Mtu akipewa kazi yenye mwanzo na mwisho huifanya.

Endelea kwenda kanisani hata kama utakaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya salamu. Kama huwezi kuimba, wasikilize wengine wakiimba. Tomaso alikataa kabisa kuamini kwamba Yesu amefufuka, lakini baada ya siku 8 wenzake walipokusanyika, alikuwamo chumbani. Alikutana na Yesu humo, katikati ya wale ambao ushuhuda wao aliukataa. Na yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari. Yesu, inasema, *alipoiona imani yao*. Kuna majira ambayo utaamini kwa imani ya wenzako. Usione aibu, zamu yako ya kubeba itafika.

Kama shida ni nzito, waite wazee wa kanisa, mchungaji au padri wako. Yakobo 5:14 inampa mgonjwa ruhusa ya kuita. Wengi hukaa nyumbani wakinung'unika kwamba kanisa halikuja, na kanisa halikuwa na habari.

Hatua ya 7: Fanya la leo

Turudi kwenye barua ya Yeremia. Wale wahamishwa waliambiwa wafanye nini kwa hiyo miaka 70? Jengeni nyumba, mkae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, zaeni. Uombeeni mji ule. Kungoja kwao kulikuwa na jasho.

Kila asubuhi, baada ya sala, andika jambo moja lililo mikononi mwako leo. Kupeleka barua ya maombi ya kazi. Kwenda kliniki. Kufua. Kumpigia anayekudai na kumwambia ukweli. Likifanyika, lifute. Kumtegemea Mungu na kumeza dawa havipingani. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alikuwa akisafiri na Luka, tabibu.

Mara moja kwa wiki, kama nguvu zipo, fanya jambo dogo kwa mwingine aliye na shida. Dogo kweli: kumtembelea kwa dakika chache. Huzuni hukufanya uone kuwa duniani kuna chumba kimoja tu, chako.

Hatua ya 8: Weka kumbukumbu

Nyuma ya daftari andika tarehe, ulichoomba, na uache nafasi. Kila mwisho wa mwezi rudi ujaze. Andika "imekuja", "haijaja", na pia "hapana". Usipendezeshe hesabu. Nabii Samweli aliposimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, alisema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." *Hata sasa*, mpaka hapa. Hakudai kujua ya mbele.

Andika na mambo madogo. Usingizi wa saa tano, jirani aliyeleta chakula bila kuulizwa, siku moja bila kulia. Asafu, mtunzi wa Zaburi 77, anaanza akiwa amekataa kufarijika, na kinachomgeuza ni kukumbuka matendo ya zamani, hasa kuvuka bahari. Wewe utahitaji cha kukumbuka. Kiandike wakati bado kibichi.

Makosa yanayowaangusha wengi

Kutafuta dhambi iliyoleta shida. Kama unajua kosa lako, litubu na uendelee. Ila kufukua maisha yote ukitafuta sababu ni mateso juu ya mateso. Wanafunzi waliuliza kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akasema si huyu wala wazazi wake.

Kufanya biashara na Mungu. Atakayekwambia uuze kitu au utoe hela ya dawa iwe mbegu ya muujiza, mwache aende zake. Sadaka ni njema. Bei ya neema haipo. Na usiweke nadhiri kubwa usiku wa hofu. Mhubiri 5 inaonya kwamba ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe.

Kuacha matibabu ili "kuonyesha imani". Sina maneno mengi hapa. Usiache. Ukiponywa, daktari ataona kwenye vipimo.

Kujiambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asiouweza. Biblia haisemi hivyo. 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia majaribu ya kutenda dhambi, na Paulo huyo huyo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mzigo ukikushinda, haina maana wewe ni dhaifu kuliko waamini wengine. Ndiyo maana kuna hatua ya 6.

Ukikwama

*"Naomba, sisikii chochote."* Angalia kwanza usingizi na chakula (hatua ya 2), maana huzuni nzito huzima hisia zote, hata za kumpenda mtoto wako. Kama hali hiyo imedumu wiki kadhaa, huna hamu ya kitu, huwezi kufanya kazi za kawaida, muone daktari. Huenda ni ugonjwa wa sonona na unatibika. Wakati huo endelea na sala moja fupi bila kujipima.

*"Nimeanza kuwa na shaka kama Mungu yupo."* Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu kumwuliza Yesu: wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Yesu alimjibu swali lake, kisha akamsifu mbele ya makutano. Ipeleke shaka yako kwake kama alivyofanya Yohana, na kwa mtu aliyekomaa asiyeshtuka haraka.

*"Niliomba, na bado amekufa."* Pole sana. Sina la kuongeza ambalo litapunguza. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado kaburini alilia machozi. Rudi hatua ya 3 na ukae hapo miezi kama inahitajika. Siku utakayoweza, soma Waebrania 11 yote: mstari wa 34 unawataja waliookoka makali ya upanga, na wa 37 waliouawa kwa upanga. Wote wamewekwa kwenye orodha moja ya watu wa imani. Na wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto, walisema Mungu anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo."

*"Jibu limekuwa hapana."* Paulo aliomba mara 3 mwiba katika mwili wake, yaani taabu iliyokuwa ikimsumbua, uondolewe. Haukuondolewa. Aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Unaruhusiwa kuomba mara ya tatu. Unaruhusiwa pia kuacha kuomba jambo hilo na kuomba nguvu za kuishi nalo, na hiyo haiitwi kukata tamaa.

*"Wenzangu wanasema sina imani."* Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Marafiki 3 wa Ayubu walifanya vizuri siku 7 walipokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Wapunguzie muda. Si lazima uwajibu.

*"Usiku ndio mbaya."* Weka daftari kando ya kitanda. Wazo likija, liandike kwa neno moja na uandike pembeni "kesho". Kisha sema Zaburi 131, ina mistari 3, ikariri mchana. Usifanye uamuzi wowote mkubwa kati ya saa nne za usiku na mapambazuko.

*"Nilianza vizuri, nimeacha miezi miwili."* Usijaribu kulipa siku ulizokosa. Usirudi hatua ya 1 pia, isipokuwa shida imebadilika. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, uende moja kwa moja hatua ya 4 na ile sala uliyokuwa ukiitumia mwisho. Ukiisha kuisema, mtumie ujumbe yule mtu wako mmoja: "Nimerudi. Jumapili unipigie."